Shangazi, ndevu zimeniota na hedhi inapotea

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26. Tangu nivunje ungo hedhi yangu haijatulia. Siku hizi inapotea miezi miwili, mitatu, na ikirudi inamwagika zaidi ya wiki. Kwa miaka miwili sasa zinaniota ndevu kidevuni, nazing'oa kila alfajiri kabla mtu hajaamka. Shingo imekuwa nyeusi kwa nyuma, nasugua mpaka nachubuka haitoki. Tumbo linanenepa ingawa nashinda njaa. Mama anasema nikishazaa yote yatakwisha. Nina mchumba, hajui lolote. Naogopa kuambiwa mimi ni mgumba. Nianzie wapi? – Mwenye Siri*

Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa, acha kuisugua hiyo shingo. Weusi huo si uchafu na hakuna sabuni itakayoutoa. Ngozi ikiwa nyeusi na nene nyuma ya shingo, kwapani au mapajani, mara nyingi inaonyesha kwamba insulini imezidi kwenye damu. Wewe umeitaja shingo kama jambo la urembo tu, lakini kwangu ndiyo iliyounganisha barua yako yote.

Maana hedhi umempelekea mama, ndevu umeziachia kibanio, shingo umeipa sabuni na tumbo umelitibu kwa njaa. Kila jambo umelibeba peke yake. Mimi nikiyasoma kwa pamoja naona hali moja inayostahili kuchunguzwa, ile ambayo madaktari huiita PCOS: hitilafu ya homoni na ya namna mwili unavyotumia sukari, ambayo huvuruga kazi ya ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai ya mwanamke. Siwezi kukuambia kwamba unayo, barua haipimi damu. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajagunduliwa. Wengi wao wanajificha asubuhi kama unavyojificha wewe.

Ngoja nikueleze inavyokwenda, maana ukiielewa utaacha kujilaumu. Kazi ya insulini ni kuzipigia seli hodi ili sukari itoke kwenye damu na kuingia ndani. Seli zikiwa nzito kusikia, kongosho huongeza insulini mpaka hodi isikike. Ile ya ziada haikai bure. Inaisukuma ovari itoe kwa wingi androjeni, zile zinazoitwa homoni za kiume, testosteroni ikiwemo, na wakati huohuo inalifanya ini lipunguze protini ambayo kwa kawaida huishika testosteroni. Kila mwanamke anazo homoni hizi kwa kiasi. Zikizidi, ndevu huota kidevuni na juu ya mdomo, nywele hutokea kifuani na chini ya kitovu, chunusi hazikomi hata ujana ukipita, na nywele za utosini huanza kupungua. Yai nalo linakwama: vifuko vya mayai vinaanza kukua kisha vinasimama, yai halitoki, na hedhi inakosa mpangilio. Kwa hiyo siku moja ukiambiwa ultrasaundi imeonyesha ovari zimejaa vitu vidogo vidogo, usishtuke. Ni vifuko hivyo vilivyokwama, na havihitaji kukatwa.

Wala usidhani ni hali ya wanene tu. Wembamba nao wanayo, na hao huweza kuchelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayewashuku.

Kwa mtu mzima, daktari anatafuta mambo mawili kati ya matatu. La kwanza ni hedhi isiyo na mpangilio, yaani mzunguko ulio chini ya siku 21 au unaozidi 35, au hedhi zisizofika 8 kwa mwaka. La pili ni androjeni kuzidi, iwe kwa macho au kwa kipimo cha damu. La tatu ni ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Vigezo hivi madaktari walikubaliana katika jiji la Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, na mwongozo wa kimataifa wa 2023 umeruhusu kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotolewa na vifuko vya mayai, kitumike badala ya ultrasaundi kwa watu wazima. Wewe una la kwanza, na ndevu zako zinaelekea kuwa la pili, hivyo huenda hata ultrasaundi isihitajike. Ila lazima upimwe pia tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya kutengeneza maziwa) na homoni za tezi za juu ya figo, kwa sababu hitilafu zake nazo huweza kuleta dalili hizihizi. (Wasichana wadogo mnaosoma hapa: miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo hedhi kuyumba ni kawaida, msijipe ugonjwa kwa hilo peke yake.)

Nakuomba jambo ambalo najua litakuwa gumu. Siku chache kabla ya kwenda kwa daktari, usizing'oe ndevu. Wanawake wengi wanafika kliniki wakiwa wamejisafisha vizuri, daktari anatazama kidevu laini na kuandika kwamba hakuna kitu. Na kama huwezi kabisa, basi mwambie waziwazi unang'oa kila siku, tangu lini na sehemu zipi. Mpelekee pia tarehe za hedhi zako, zote unazokumbuka. Akikujibu upunguze uzito tu na asikupime chochote, tafuta mwingine.

Mama yako anakupenda, lakini katika hili simuungi mkono. Kuzaa si tiba ya hali hii. Na hedhi inapopotea miezi, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa bila kumwagika; hali hiyo ikidumu miaka, hatari ya saratani ya ukuta huo inaongezeka. Si saratani inayowapata wengi wa umri wako, ila sababu ya kuiacha ijijengee njia haipo. Siku 90 zikipita bila hedhi, nenda. Zipo dawa za kuirudisha.

Omba pia upimwe sukari, hasa kile kipimo cha kunywa maji ya glukosi na kupimwa damu tena baada ya saa mbili, pamoja na presha na mafuta ya damu. Kisukari ndicho ninachokihofia kwako kuliko ndevu. Na mweleze daktari kuhusu moyo wako. Huzuni na wasiwasi huwaandama sana wenye hali hii, nayo hutibiwa.

Ugumba? Neno hilo usijipe. Wengi wenye PCOS hupata watoto, wengine bila msaada wowote, na wanaohitaji msaada huanzishiwa letrozoli, dawa inayosaidia yai kutoka. Hali yenyewe haiponi moja kwa moja, lakini inadhibitiwa: vidonge vya homoni hupanga hedhi na kupunguza ndevu, ingawa huchukua miezi sita au zaidi kuonyesha, metformini, dawa ya kisukari, husaidia upande wa insulini, na kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua asilimia 5 tu huweza kuleta nafuu. Kushinda njaa kuache, kunakutesa bure. Vidonge usijinunulie kwa kusimuliwa, kwani mwenye presha au aliyewahi kuganda damu vinaweza kumdhuru. Na ikitokea ndevu zikaongezeka ghafla ndani ya miezi michache, au sauti ikawa nzito, usingoje miadi, kaonwe mara moja.

Mchumba wako huna deni la kumuungamia, kwa maana hakuna kosa ulilotenda. Nenda kwanza kapimwe, kisha umweleze ukiwa na jibu, kama mtu anayemwambia mwenzake habari za afya yake. Uangalie anavyokusikiliza. Na kama mimba hamuitaki bado, tumieni kinga, kwa sababu hedhi kupotea si kwamba yai halitoki kamwe. Linaweza kutoka mwezi usioutarajia, na ndiyo sababu daktari atakupima mimba kabla ya kukupa dawa yoyote.