Swali la lugha: "Kwa kasi" si "kwa kasi inayoongezeka"

Msomaji wetu ameuliza: "Katika habari za anga nimekuta 'ulimwengu unapanuka kwa kasi', 'upanuzi wa ulimwengu unazidi' na 'mchapuko wa ulimwengu'. Je, maneno haya yana maana moja? Na ile namba ambayo Einstein aliiingiza kwenye milinganyo yake, tuiite nini kwa Kiswahili?"

Hayana maana moja, na tofauti iliyopo kati yake ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na "kwa kasi". Maneno haya hueleza mwendo ulivyo sasa, basi. Hayasemi kama mwendo huo unaongezeka au unapungua. Jiwe ulilolirusha juu linapaa kwa kasi, lakini kasi hiyo inapungua tangu lilipotoka mkononi, maana dunia inalivuta. Hivyo ndivyo wanaastronomia wengi walivyoufikiria ulimwengu kwa miongo mingi: kwamba unapanuka, lakini uvutano wa vyote vilivyomo unaupunguzia mwendo. Kilichobaki, walidhani, ni kupima unapungua kwa kiasi gani.

Mwaka 1998 timu mbili zilizokuwa zikipima supanova, yaani milipuko ya nyota, za mbali zikapata jibu la kinyume. Supanova za aina ya Ia hutumika kama taa ambayo ukali wake halisi unajulikana, hivyo kadiri inavyoonekana hafifu ndivyo ilivyo mbali. Zile za mbali sana zilionekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa, yaani zilikuwa mbali zaidi ya vile ambavyo ulimwengu unaopunguza mwendo ungezifikisha. Jiwe, kumbe, lilikuwa linapaa na kuongeza mwendo! Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2011 kwa ugunduzi huo.

Sasa mwandishi anayeutangaza ugunduzi huo kwa sentensi "ulimwengu unapanuka kwa kasi" amelipoteza lile lililo jipya. Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa tangu mwaka 1929, Edwin Hubble alipoonyesha kwamba kadiri galaksi (kundi kubwa la nyota) ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Andika "unapanuka kwa kasi inayoongezeka", au "kasi ya kupanuka kwake inaongezeka". Ni silabi chache tu zaidi, na bila hizo habari haipo.

"Kuzidi" nako kuna mtego. "Mvua inazidi kunyesha" huweza kumaanisha kwamba inaendelea tu, au kwamba inakuwa kubwa. Katika mazungumzo hakuna ubaya, muktadha hutusaidia. Katika sayansi, "ulimwengu unazidi kupanuka" humwachia msomaji achague mwenyewe, na anaweza kuchagua vibaya.

"Mchapuko" nalipenda sana neno hili. Limetoka kwenye kuchapua, kama tunavyosema mtu amechapua mwendo, na katika fizikia hutaja hasa kuongezeka kwa kasi. Ila "mchapuko wa ulimwengu" hufanya ionekane kana kwamba ulimwengu wote unasafiri kwenda mahali. Sema "mchapuko wa kupanuka kwa ulimwengu".

Nasema "kupanuka" wala si "upanuzi" kwa sababu upanuzi umetokana na kupanua, na penye kupanua pana mwenye kupanua. Barabara hufanyiwa upanuzi. Ulimwengu unapanuka wenyewe. Ukitaka nomino, "upanukaji" linafaa. Wapo wanaosema "kutanuka", nami siwapingi.

Tuje kwenye namba ya Einstein, ile inayoandikwa kwa herufi ya Kigiriki lamda. Aliiingiza mwaka 1917 ili milinganyo yake iruhusu ulimwengu uliotulia, usiopanuka wala kusinyaa. Ilipobainika kwamba ulimwengu unapanuka, akaiacha. Baada ya 1998 imerudi kwa kazi nyingine: kueleza kwa nini kasi inaongezeka.

"Konstanti ya kosmolojia" (kosmolojia ni elimu ya ulimwengu mzima) ni sahihi na inaeleweka. Mimi huchagua "kisobadilika cha kosmolojia". Hiyo "-so-" ni ile ile ya "asojua" na "lisokwisha", kifupi cha "-sicho-", "-siye-" na wenzake, ambacho washairi hawajawahi kukiacha. Zaidi ya hayo, neno linatamka dai lake waziwazi: thamani ya kitu hiki ni ile ile kila mahali na kila wakati, hata nafasi ikipanuka namna gani.

Ndiyo maana usilibadilishane na "nishati ya giza". Nishati ya giza ni jina la chochote kile kinachosababisha mchapuko huo, nacho hukadiriwa kuwa takriban asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Kisobadilika ni maelezo mojawapo ya kitu hicho, tena mepesi kuliko yote: kwamba nafasi tupu ina nishati yake, isiyofifia kadiri nafasi inavyoongezeka. Vipimo vikija kuthibitisha kwamba nishati ya giza hubadilika na wakati, jina "nishati ya giza" litabaki, lakini "kisobadilika" halitafaa tena.

Na tafadhali, isiwe "nguvu za giza". Katika Kiswahili maneno hayo yana wenyewe tangu zamani: ni uchawi na mapepo. Hata tukiyaweka hayo kando, fizikia hutenganisha nguvu na nishati, na kinachozungumzwa hapa ni nishati.