Akselereta ya Amiga 1200 inaniachia skrini nyeusi, romu yake imekufa?

Msomaji wa Wete anauliza: "Fundi, asalaam alaykum. Ami kaniachia Amiga 1200, kompyuta ya zamani, peke yake inawaka vizuri tu. Nikipachika akselereta ya 68030 (kadi yenye prosesa ya kasi zaidi) kwenye mlango wa chini, skrini nyeusi tupu, hata kijivu haiji. Siku nyengine nikizima nikawasha nikazima nikawasha inakubali, na ikikubali nachezea mpaka usiku bila tabu. Nimeichomoa romu ya kadi (ile chipu yenye kodi yake ya kuanzia) nikaisoma, mwanzo kuna 11 11 halafu ndo kodi inaanza. Imeharibika? Na kompyuta si ina romu yake, hii nyengine ya nini?"

Waalaykum salaam yakhe. Mie romu siishuku sana, ingekuwa imekufa isingekubali hata siku moja, na hizo 11 11 ulizoziona ndo zenyewe khasa zinazotakiwa ziwepo pale.

Skiza inavokwenda. Prosesa za ukoo wa 68000 zikitoka kwenye riseti (kuanza upya) zinasoma baiti 8 za mwanzo kabisa, 4 kwenye anwani 0 ndo pa kuweka steki (sehemu ya ramu ya kuhifadhia mambo ya muda), 4 zinazofuata ndo pa kuanzia kazi. Sasa kwenye Amiga anwani 0 ni ramu, na ramu ukiwasha haina kitu, kwa hiyo mashine inafanya ujanja, inaileta Kickstart, ndo romu ya kompyuta yenyewe, ionekane pale chini kwa muda, prosesa inasoma, inarukia Kickstart yenyewe huko juu kwenye anwani $F80000 (alama ya $ ni namba ya heksadesimali), halafu baadae Kickstart inabadilisha biti moja kwenye $BFE001 na ramu inarudi mahala pake. Kadi yako inazidaka nyaya za pamoja za anwani na data na kuiweka pembeni prosesa ya ubaoni, lakini 68030 nayo inapita njia hiyo hiyo, Kickstart kwanza. Romu ya kadi haianzi yenyewe, inaitwa.

Na inaitwa mapema mno. Kickstart kabla haijapaka kile kijivu cha kwanza inachungulia $F00000, ikikuta 1111 inarukia $F00002 na kuiachia kadi kazi. Huko kadi inafanya mambo yake, kwa mfano kupima ramu yake au kuinakili Kickstart kwenye ramu ya kasi, halafu ndo inarudisha. Mlango wa pili upo, ule wa autokonfigi (kadi kujitambulisha kwa mashine) kwenye $E80000, lakini huo unakuja baadae sana wakati rangi zishapita. Kwa hiyo wewe usiyeona kijivu hata kidogo usijisumbue na huo wa pili, tatizo lako liko mwanzo, ama prosesa haiisomi Kickstart sawasawa, ama inaisoma vizuri ikarukia kwenye kadi ikapotelea huko. Ungepata skrini nyekundu ningekwambia Kickstart hesabu yake ya kujihakiki haitimii, kijani ramu ya chipu (ile ya ubaoni inayotumiwa na chipu za picha na sauti) ina kasoro, njano prosesa imekutana na kosa mapema. Nyeusi haisemi kitu, ndo maana watu wanaishia kulaumu romu.

Hayo mawili kuyatenganisha rahisi. Chomoa romu ya kadi, kadi yenyewe iache palepale, washa. Soketi tupu kwa kawaida haitasomeka 1111, kwa hiyo Kickstart itapita zake. Ikija kijivu na ile picha ya kuomba disketi, ujue kasoro iko upande wa romu, na hapo mie naanza na soketi sianzi na chipu. Maana romu za kadi hizi mara nyingi ni za biti 8, na 68030 inakubali kusoma kifaa cha biti 8, lakini inakisoma kwa nyaya za data D24 mpaka D31 tu, hizo nane, mguu mmoja ukiwa na kutu basi kila baiti inakuja imepinda. Sie huku bahari imetuzunguka, chumvi inaingia hata ndani ya kabati, mguu unaweza kung'aa kwa juu na chini haugusi. Safisha kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, usikwaruze kwa kisu tafadhali, nshaona soketi zilizouliwa hivo.

Ikibaki nyeusi hata bila romu, geukia konekta ya chini, ile ya pini 150, safisha meno ya ubao pande zote mbili. Halafu mita: pima volti 5 palepale kwenye kadi, si kwenye adapta, wakati imewashwa. Chini ya 4.75 usitegemee kitu, na adapta iliyokuja na 1200 ilitengenezwa kwa mashine bila ya mzigo huo wa ziada. Na kapasita za ubaoni je? Mashine ya 1992 hiyo, zile ndogo zilizolehemiwa juu ya ubao zinavuja, zinakula njia za shaba, na tabia ya kukubali baada ya kuwasha mara kadhaa inafanana nazo khasa. Ukisikia harufu kama ya samaki ukiweka chuma cha kulehemu, ndo hizo.

Siku itakapokubali, fungua programu ya kuangalia memori, soma kuanzia $F00000 ulinganishe na faili ulilolisoma nje. Baiti zikiwa tofauti, angalia ni biti ipi inayokosea kila mara, biti 0 ni D24, biti 7 ni D31, utajua mguu gani wa kufuata kwa mita. Yakitokea maandiko yale yale kujirudia kila baada ya KB 32 au 64 usishtuke, ndo ukubwa wa chipu yenyewe. Nitumie hilo faili na picha ya chini ya ubao, pande zote.