Ed Begley Jr. hatafuti kiki

Kwa aliyeuliza kama yule muigizaji mzee aliyepanda treni ya abiria kwenda Oscars 2023 alikuwa anatafuta kiki, hapana kaka, huyo ni Ed Begley Jr. na hayo mambo ya kutunza mazingira kaanza kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kakulia Los Angeles ile ya moshi mzito, 1970, mwaka wa Siku ya Dunia ya kwanza, akanunua kigari cha umeme cha Taylor-Dunn, yaani kile ni kama vya kwenye viwanja vya gofu tu, na hapo hata ustaa bado. Jina lilikuja miaka ya 80 na St. Elsewhere, tamthilia ya hospitali, alicheza Dokta Ehrlich, akateuliwa Emmy, tuzo kubwa za TV Marekani, mara 6 na hakubeba hata moja, inauma. 2007 ikaja shoo ya maisha ya kwake, Living with Ed, mi kilichonimaliza ni ile baiskeli isiyotembea, mzee anapiga pedeli asubuhi apate umeme wa kuchoma mkate kwenye tosta, mkewe pembeni anamwangalia tu kama kashachoka naye 😂