Sauti Kwanza, Kaburi Baadaye

Barua nyingi za mwezi huu zimeandikwa na wajane na watoto waliofiwa na baba, na karibu zote zinaanza na saruji ya kaburi. Tunawaomba ndugu zetu wageuze mpangilio huo. Kaburi linaweza kungoja mwaka mzima bila hasara, lakini sauti ya mzee iliyomo kwenye simu inaweza kupotea kabla matanga hayajaanuliwa vizuri.

*Baba alifariki miezi miwili iliyopita. Nina jumbe zake za sauti za WhatsApp, na nyingine zimo kwenye simu yake ambayo kaka ameizima. Pia picha ya harusi yake na mama imegandamana na kioo cha fremu. Nifanye nini nisivipoteze? – Binti, Arua*

Pole sana, binti yetu. Jumbe alizokutumia wewe zimo kwenye simu yako, kwa hiyo zitabaki hata akaunti yake ikifungwa. Adui wa jumbe hizo ni mwizi, maji, au siku utakayobadilisha simu. Fungua mazungumzo yenu, gusa vitone vitatu vya juu, tafuta sehemu ya kuhamisha mazungumzo nje, chagua yatoke pamoja na sauti na picha, kisha ujitumie kwa barua pepe.

Simu ya baba ndiyo ya haraka zaidi. WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120, na laini isiyotumika hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Mwambie kaka aichaji, aiwashe, na asikubali fundi yeyote aiflashi, kwani hapo kila kitu hufutika. Kama hamjui namba ya siri, msibahatishe ovyo, maana baadhi ya simu hujifunga kabisa baada ya majaribio mengi.

Mafaili ya sauti hizo huishia na .opus, na redio nyingi za gari haziyafungui. Tengeneza nakala za mp3 za kusikiliza, lakini usifute yale ya asili. Kila faili lipe jina lenye tarehe na neno alilosema, kwa mfano "2023-11-04 baba anauliza mtihani". Baada ya miaka kumi, rekodi mia mbili zisizo na majina hakuna atakayezipekua. Weka nakala moja kwenye flashi na nyingine intaneti, na flashi ikae nyumba nyingine, si kabati lilelile.

Picha usiivute! Unyevu hulainisha tabaka la gelatini lililo juu ya karatasi, likashikana na kioo. Ukiivuta, sura inabaki kwenye kioo. Utaona mahali palipogandamana panang'aa kama palipolowa. Toa fremu ya mbao, acha kioo na picha pamoja, futa kioo kwa nje, kisha skani vikiwa hivyo kwa nukta 600 kwa inchi. Picha mpya ikirudi kwenye fremu, iwekewe ukingo wa kadibodi ili isiguse kioo. Kwa wale waliobakiwa na picha ndogo ya paspoti tu: ya sentimita 3.5 kwa 4.5 ikiskaniwa kwa nukta 1200, hutoa picha safi ya sentimita 14 kwa 18.

*Mume wangu alizikwa mwezi Machi mwaka jana. Wiki hiyohiyo mafundi walijenga kaburi na kuweka vigae vyeupe. Sasa upande wa kichwani umezama, kuna ufa, na vigae vitatu vimebanduka. Tunataka kutengeneza kabla ya misa ya kumbukumbu. – Mjane, Jinja*

Mama, pole kwa msiba na kwa gharama hii ya pili. Kosa lilikuwa haraka. Udongo uliochimbwa na kurudishwa una nafasi nyingi za hewa, na kila mvua huushusha. Zege lililomwagwa juu yake wiki ileile hubaki likining'inia, kisha hukatika. Tunashauri kungoja misimu miwili ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba. Kaburi lenu limeshaipita, kwa hiyo mnaweza kuanza.

Kwanza gonga kila kigae kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu hakina saruji chini yake, na maji yameshaingia. Kiondoe hata kama hakijapasuka. Kuziba ufa peke yake ni kupoteza fedha. Vunjeni bamba la juu, jazeni udongo mahali palipozama kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe.

Bamba jipya lazima lishike ardhi ambayo haikuchimbwa, sentimita 30 kila upande. Shimo la mita 2.1 kwa 0.9 litahitaji bamba la mita 2.7 kwa 1.5, unene sentimita 10, na hapo mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 inatosha. Kwa kila mfuko, pimeni kwa jerikeni ya lita 20: mchanga jerikeni tatu na nusu, kokoto saba, maji yasizidi moja na robo. Fundi akiongeza maji ili zege liteleze, analidhoofisha. Nondo za milimita 10 zipangwe kila sentimita 20, kwa urefu na kwa upana, zikiinuliwa juu ya vijiwe sentimita tatu kutoka chini. Zikilala kwenye udongo zitapata kutu. Juu pawe na mteremko wa sentimita mbili kwa mita. Funikeni magunia, mwagieni maji siku saba, na vigae vingoje wiki nne. Misa ikifika kabla, zege safi lenye maua linatosha kabisa kwa heshima yake.

Jina lichongwe kwenye graniti, maana rangi hufifia kwa jua. Linganisha herufi na kitambulisho chake cha taifa kabla jiwe halijachongwa. Familia za Kiislamu zimwulize shehe kwanza, kwani hadithi sahihi inakataza kujengea kaburi na kulipaka chokaa. Jiwe la alama huwatosha.

*Marehemu alikuwa Muganda, mimi nimetoka Mombasa. Ukoo unapanga okwabya olumbe, yaani sherehe ya kumaliza msiba, na kumtawaza mrithi. Je, huyo mrithi atachukua nyumba yetu? – Mama watoto, Kampala*

Hapana, mama. Siku ile omusika, yaani huyo mrithi, huvishwa lubugo (nguo ya gome la mti) na kukabidhiwa nafasi ya baba katika ukoo. Hakabidhiwi hati ya nyumba. Sheria ya Mirathi ya Uganda ilivyorekebishwa mwaka 2022 inasema, pasipo wosia, watoto hupata asilimia 75, mjane 20, jamaa waliomtegemea 4, na mrithi wa kimila 1. Nyumba mliyokuwa mkiishi hubaki makao yako na watoto, nje ya hesabu hiyo. Hudhuria sherehe, keti na watoto wako mahali pa wafiwa, na cheti cha kifo cha NIRA, mamlaka ya utambulisho na usajili, kiwe mikononi mwako kabla ya siku hiyo.