Furigana ikae wapi juu ya kanji?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina ukurasa wa wavuti wa masomo ya Kijapani. Kila neno la kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, nimeliandikia matamshi kwenye mabano, lakini wasomaji wanalalamika kuwa sentensi zinakatikakatika. Vitabuni matamshi hukaa juu ya neno, kwa hiragana ndogo, zile herufi za Kijapani zinazoandika sauti. Nifanyeje nami niyapandishe? Na je, niyaweke kwa herufi moja moja au kwa neno zima?

JIBU: Marahaba. Hiragana hizo ndogo ndizo furigana, na HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ina tegi (alama) yake, ruby. Jina hilo limetoka kwa wapiga chapa wa Uingereza, ambao waliita hivyo herufi zao ndogo za pointi 5.5. Neno la kanji linaingia ndani ya ruby, matamshi yanaingia ndani ya rt:

<ruby>今日<rt>きょう</rt></ruby>

Utazame vizuri mfano huo, maana jibu la swali lako la pili limo humo. Herufi ya kwanza ni "sasa", ya pili ni "siku". Zikikaa pamoja husomwa kyō, yaani leo. Kyō hiyo haikatiki vipande viwili ili kila herufi ipate chake, kwa hiyo rt moja inafunika neno zima. Tokyo, 東京, inagawika: 東 inachukua とう na 京 inachukua きょう. Panapogawika hivyo, mimi huipa kila herufi rt yake, mwanafunzi apate kuzijua zote mbili.

Mabano yako usiyatupe. Yatie ndani ya tegi ya rp: kivinjari kinachoijua ruby huyaficha, kisichoijua huyaonyesha. Mistari ikibanana, ongeza line-height (kimo cha mstari) kwenye CSS, yaani maelekezo ya mwonekano wa ukurasa.

Ila nakusihi, usiiachie programu ikuwekee furigana halafu uchapishe bila kusoma. Niliwahi kufanya hivyo. Kwenye 四月一日, tarehe 1 Aprili, ile 一日 programu iliiandikia いちにち, ichinichi, yaani siku moja. Hapo inasomwa ついたち, tsuitachi, tarehe mosi. Herufi ni zilezile! Nilipogundua, mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameshaikariri, na kumwondolea kosa nililompa mwenyewe kulinichukua muda na kuniuma sana.

Kwenye majina ya watu ndiko kugumu zaidi. 裕子 mmoja anaitwa Yūko, mwingine Hiroko, na kanji haikwambii ni yupi. Muulize mwenye jina. Usipompata, tafuta mahali alipojiandika kwa hiragana.