Kwa unayeanza kutafuta maada giza: zoea kelele kwanza

Galaksi ya kwanza niliyopewa kupima ilinipa usiku mmoja wa furaha na wiki mbili za aibu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: tazama mistari ya haidrojeni kwenye spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) imesogea kiasi gani upande huu wa galaksi na upande ule, upate mwendo wa gesi inavyozunguka kitovu. Mwendo nilioupata ulikuwa mdogo mno, kiasi kwamba nyota zinazoonekana zilitosha kuueleza wote. Galaksi isiyo na maada giza, ile masi isiyoonekana tunayoijua kwa mvutano wake tu! Nikamwandikia msimamizi wangu barua pepe ndefu. Akanijibu kwa maneno mawili: "Umerekebisha mwinamo?"

Sikuwa nimerekebisha. Galaksi ile tulikuwa tunaitazama karibu kutoka juu, kama sahani iliyowekwa mezani, mwinamo wa nyuzi 30 hivi. Spektra huona tu mwendo wa kuja kwetu au kututoroka, kwa hiyo nilikuwa nimepima nusu ya mwendo halisi. Na kwa kuwa masi hukua kwa mraba wa mwendo, robo tatu ya masi ya galaksi nzima niliitupa mwenyewe.

Basi ukianza, chora mchoro wa mzunguko, yaani mwendo dhidi ya umbali kutoka kitovuni, kwa mkono wako kabla hujagusa programu ya mtu mwingine. Anza na sayari: Dunia hulizunguka Jua kwa takriban kilomita 30 kwa sekunde, Neptuni iliyo mbali huenda kama 5.4 tu. Kadiri unavyosogea mbali na masi, ndivyo mwendo unavyopungua. Kisha chukua Galaksi ya Andromeda, ambayo wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford waliipima na kuchapisha matokeo mwaka 1970, uone jinsi mwendo unavyokataa kushuka pembeni ambako nyota zimekwisha kuwa haba. Zidisha mraba wa mwendo kwa umbali, gawanya kwa namba thabiti ya mvutano (G), upate masi iliyo ndani ya umbali huo. Utaona masi inaongezeka huku mwanga umekwisha. Hesabu hiyo ikishakuingia mwilini, hakuna atakayekuyumbisha kwa picha za kupendeza.

Mwanaastronomia Fritz Zwicky naye msome, ila usimsome kama mtume. Mwaka 1933 alipima galaksi za kundi la Coma, akaona zinakimbia mno kuweza kushikiliwa na masi inayoonekana. Alikuwa sahihi kwamba kuna kitu hakionekani. Lakini sehemu ya kitu hicho ilikuja kuonekana baadaye: gesi ya moto sana inayotoa eksirei, maada ya kawaida kabisa. Haikutosha kuziba pengo lote, ila nilipoijua habari hiyo niliacha kusema "haionekani" bila kuuliza haionekani kwa chombo gani.

Wengi wenu mtaishia kwenye vigunduzi vya chini ya ardhi, na huko ndiko wageni huvunjika moyo. Wanadhani watakaa wakisubiri chembe ya maada giza igonge zenoni, gesi nzito iliyopozwa ikawa kimiminika. Siku nyingi utakuwa unahesabu kelele, yaani matukio yasiyotokana na maada giza: mnururisho wa skrubu. Sisemi kwa mzaha: kila kipande kinachoingia karibu na tangi la zenoni hupimwa, kwa sababu chuma kina urani kidogo, vumbi lina toriamu, na radoni huvuja kutoka kwenye kuta za chombo chenyewe. Hata wewe una potasiamu inayonururisha. Kigunduzi cha LZ kimezikwa takriban kilomita moja na nusu chini ya ardhi huko South Dakota, Marekani, ili mwamba uzuie miali ya anga (chembe zenye nishati kubwa zitokazo angani), lakini mwamba wenyewe nao unanururisha, kwa hiyo tangi likazungushiwa maji. Ukimaliza kuziba huku, kunavuja kule.

Mwaka 2020 kundi la XENON1T, kigunduzi kingine cha zenoni chini ya mlima Gran Sasso huko Italia, lilitangaza ziada ya matukio ya nishati ndogo. Makala za nadharia zikamiminika. Wenyewe walikuwa wameandika wazi kwamba tritiamu (haidrojeni inayonururisha) kidogo tu ingeweza kusababisha hayo. Mwaka 2022 chombo kilichofuata, XENONnT, chenye kelele pungufu karibu mara tano, hakikuiona ziada ile. Kwangu mimi hiyo ni kazi safi kuliko zote za miaka ile.

DAMA, jaribio jingine la Gran Sasso, ni kisa kirefu zaidi. Kwa miaka zaidi ya 20 fuwele zao za iodidi ya sodiamu zimeonyesha ishara inayopanda na kushuka kila mwaka, kilele kikiwa karibu na mwanzo wa Juni, wakati mwendo wa Dunia unapojumlika na wa Jua. Ndivyo upepo wa maada giza ungefanya. Ila majaribio ya ANAIS kule Uhispania na COSINE kule Korea Kusini, kwa fuwele za aina ileile, hawajaiona. Mambo mengi duniani hupanda na kushuka kila mwaka, kuanzia joto la chumba.

Jambo la mwisho, litakalokuuma. LZ huchanganya kwenye data matukio ya bandia wanayoyaita chumvi, na wachambuzi hawaambiwi ni yapi hadi uchambuzi ufungwe. Unaweza kulipenda tukio moja kwa miezi, ukalichora, ukalitetea kwenye kikao, kisha siku ya kufunua ukaambiwa ni chumvi. Siku hiyo usifute daftari lako. Rudi kwenye ukurasa ulipoanza kuliamini, andika ulikuwa umekagua nini na ulikuwa hujakagua nini, kisha endelea na tukio linalofuata.