Jazi ya hapa Kisumu inalelewa Jumanne jioni

Mmeuliza wiki hii: mtaani kwenu watu wa kawaida wanafanya nini ili jazi ya laivu isikufe? Nitawajibu kama mweka hazina. Kazi yangu ni kushona, niko na cherehani soko la Kibuye, na kwa kikundi chetu cha muziki sipigi chochote, lakini kitabu cha pesa kimekaa kwangu mwaka wa sita sasa na mengi nitasema hapa yametoka kwa hicho kitabu.

Kama mnataka jibu fupi ni hili, msilipie Jumamosi, lipieni Jumanne. Jumamosi ndio shoo, watu wanaona taa na nguo safi. Jumanne ni mazoezi, saa kumi na moja jioni kwa darasa la chekechea huku Nyalenda watoto wakishaenda nyumbani, wanaume wazima wamekalia vile viti vidogo vya plastiki magoti yamefika kifuani na saksafoni iko katikati. Hakuna mtu anatoa pesa kuona hiyo. Na hiyo ikikufa kila kitu kimekufa, nimeiona ikikaribia kukufa mara mbili ndio maana naandika na uchungu.

Lakini wacha kwanza niseme kuhusu neno lenyewe, juu huku kwetu ukitaja jazi mbele ya mzee wa miaka sabini anaskia kitu tofauti na chenye kijana wa Milimani, mtaa wa matajiri, anaskia. Baba yangu alikuwa anapiga ridhimu kwa bendi, na kwake jazi ilikuwa Shirati Jazz na Victoria Jazz, magitaa yanajibizana na besi inatembea kama ng'ombe anajua njia ya nyumbani. Ilikuwa benga, muziki wa magitaa wa Waluo, lakini kwa jina ilikuwa jazi, na hilo jina lilisafiri sana. Lilitoka Marekani, kule Kongo kukawa na African Jazz ya Grand Kallé, halafu 1956 Franco na wenzake wakaanzisha OK Jazz, na huku Afrika Mashariki nako bendi nyingi zilijiita hivyo, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Shirati Jazz. D.O. Misiani mwenye Shirati alizaliwa hapo ng'ambo ya mpaka, Tanzania, akaja akapiga muziki wake huku kwetu, na mwaka wa 2006 akafa kwa ajali ya barabara hapa hapa Kisumu. Siku hiyo baba alizima redio akaenda kukaa nje mpaka usiku, hakuna mtu alimwita kula.

Na hayo magitaa yalifundishwa na nyatiti, ala ya Waluo ya nyuzi nane, mpigaji amekaa chini na pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu anagonga nayo mti wa ala, mikono inafanya yake mguu unafanya yake na mdomo unaimba sifa za mtu ambaye ameingia tu saa hiyo. Kwa hivyo mtu akiniambia jazi ni kitu cha hoteli kubwa na watu wa suti huwa sielewi anaongea nini. Ni watu weusi waliitengeneza. Kule New Orleans, Marekani, watumwa walikuwa wanakutana Jumapili kwa uwanja unaitwa Congo Square na ngoma zao, mmoja anaita wengine wanaitikia, na huyo anayeita anabuni papo hapo juu wenzake wamemshikia mdundo. Hiyo nyanya yangu alikuwa anaifanya akipepeta mtama.

Sasa shida ya hapa ni mabomba, yaani tarumbeta, tromboni, saksafoni. Gitaa utapata, ata kijana atajitengenezea, lakini tarumbeta haitengenezwi na mtu kwa nyumba. Na hapa ndio Western ina baraka moja watu hawaihesabu. Kanisa la Jeshi la Wokovu liko Kenya tangu 1921 na pande za Vihiga na Kakamega limeshika kabisa, ukienda huko Jumapili utakutana na bendi barabarani, mavazi meupe, ngoma kubwa mbele, na watoto wa miaka kumi na mbili wanasoma noti kama vile wengine wanasoma meseji za simu. Ukiskia mtu anapuliza vizuri huku kwetu muulize kanisa lake. Wapulizaji wetu watano, wanne walianzia huko.

Lakini noti za kanisa ziko kwa karatasi na jazi inataka ufike mahali uache karatasi. Kulikuwa na msichana mmoja, anatoka Emuhaya, alikuja kwetu akiwa kidato cha pili, ukimwekea karatasi yoyote anaipuliza bila kosa, lakini ukimwambia hapa baa kumi na mbili, yaani vipande kumi na mbili vya wimbo, ni zako sema chenye unataka, anaganda. Jumanne tatu mfululizo aliganda, ya tatu akaanza kulia. Mzee wetu wa saksafoni, sisi wote tunamwita Jaduong', hakumwambia jikaze wala nini. Aliweka saksafoni chini akamwambia, "Nyathina, mtoto wangu, usipulize. Niimbie tu. Kwenu mtu akifa wamama wanaimba aje?" Msichana akapangusa macho akaimba pole pole ule wimbo nyanyake alikuwa anaimba matangani, sauti inapanda halafu inaanguka, inaanguka tena. Jaduong' akamwambia sasa hiyo hiyo, lakini kwa tarumbeta. Mpiga besi akamwekea noti mbili tu, anarudia anarudia, na huyo mtoto akapuliza ile kitu mpaka mlinzi wa shule akakuja kusimama mlangoni. Nilikuwa naandika hesabu ya chai, nikaacha.

Mnaona hiyo haingewezekana Jumamosi. Jumamosi watu wamelipa, mtoto akiganda watu wanaanza kuangalia simu na kiongozi wa bendi anamruka anaenda kwa mwingine. Inataka Jumanne tatu mtu akose mbele ya watu wenye hawana haraka na yeye.

Nikisema matanga nataka nikae hapo kidogo, juu ndio kitu watu wa mbali hawaelewi kuhusu pesa zetu. Ukifungua kitabu changu utaona mapato mengi hayatoki kwa shoo za mjini, yanatoka kwa mazishi. Familia inataka mabomba mbele ya jeneza kutoka mochari mpaka boma, Alhamisi au Ijumaa, halafu Jumamosi asubuhi nyimbo za Mungu, na baada ya kuzika wazee wanaomba kitu ya kuwarudishia damu mwilini na hapo ndio vijana wanafungulia. Kwanza nilikuwa naona hii ni kama kazi ya njaa, muziki wa maana uko kwa jukwaa. Halafu nikajua kwamba New Orleans yenyewe ndio hivyo hivyo. Bendi inatembea na maiti pole pole kwa huzuni, na wakirudi kutoka makaburini inageuka furaha, watu wanafuata nyuma wakicheza na miavuli. Na nani walikuwa wanagharamia hizo bendi? Vyama. Vyama vya kuzikana na kusaidiana, watu weusi wanachanga kidogo kidogo, ukigonjeka kinakusaidia na ukifa kinakuzika na bendi. Huo ni mfumo mama yoyote wa Kibuye anaujua, sisi wenyewe tuko na vyama vya matanga vitatu kwa laini moja ya cherehani. Kwa hivyo jazi ililelewa na chama cha kuchanga, si na serikali wala matajiri, na nilipojua hivyo niliacha kuona aibu ya kitabu changu.

Kitabu kinaenda hivi. Kila kazi tukilipwa, iwe matanga, harusi, ama kule Dunga Jumapili mchana pale watu wanakula samaki na mama mwenye hoteli anatupa stima na ugali na sisi tunapitisha kofia, kwa kila elfu moja mia mbili inaingia kwa boksi la Jumanne KABLA mtu yeyote ajigawie. Kabla, si baada. Baada haibakingi kitu. Juu ya hiyo kila mtu anatoa mia moja kwa wiki, mwenye hana anafagia darasa na tunaandika amelipa. Hizo pesa zinaenda wapi? Ridi, kile kijiti chembamba cha tete kinakaa mdomoni mwa saksafoni, kikipasuka saksafoni inabaki bomba tu la shaba. Mafuta ya valvu za tarumbeta. Nyuzi za besi. Chai na mandazi, na msicheke hii ya chai, mtu ametoka kubeba mawe tangu asubuhi hawezi kupuliza na tumbo tupu. Boda ya Jaduong' kutoka Kondele kuja na kurudi, juu magoti yake yameisha na bila yeye hakuna Jumanne. Na fundi. Tromboni yetu iliachana pale kwa kijiti kinashikilia ile sehemu ya kuvuta, tukaambiwa tuipeleke Nairobi, kumbe kuna fundi wa redieta za magari hapa jua kali, aliigeuza mkononi kama mtoto mchanga, akachukua moto mdogo akachomelea pole pole, alituambia redieta ni shaba na hii pia ni shaba. Anakujanga Jumanne sasa, anakaa nyuma anaskiza.

Niliwaambia ilikaribia kukufa mara mbili. Mara moja ni darasa, tulifungiwa, tukafanyia mazoezi kwa kibanda cha huyo fundi miezi minne huku redieta zinaning'inia, hiyo tulivumilia. Ile nyingine ndio iliniuma. Kampuni moja, sitaitaja, ilikuja na pesa nyingi za usiku mmoja, jukwaa, taa, mabango, jenereta kubwa, msanii wa kutoka mbali wa kufunga shoo. Tulipiga vizuri sana siku hiyo, watu walijaa, picha zikaenda kila mahali. Lakini kila shilingi ilikuwa imeandikiwa jukwaa, hakuna hata moja iliruhusiwa kununua ridi, niliuliza mara mbili nikaambiwa hiyo haiko kwa bajeti. Na vijana walikuwa wameonja jukwaa kubwa, wakaanza kungoja lingine. Jumanne iliyofuata walikuja watu watatu. Iliyofuata, wawili, na mmoja alikuwa mimi na kitabu. Ilituchukua kama mwaka kurudi mahali tulikuwa.

Sisemi shoo kubwa ni mbaya. Kule Nairobi lile tamasha la jazi la Safaricom lililoanza 2014, pesa za tiketi zilikuwa zinaenda kwa Ghetto Classics, wale watoto wa Korogocho wanafunzwa muziki tangu 2008, na hao watoto wenyewe walikuwa wanapanda jukwaani. Hapo shoo ilikuwa inalipia darasa. Hiyo ndio hesabu nataka, na nashangaa kwa nini huku Kisumu na Kakamega hatujaiiga, mtu akitaka jina lake kwa bango basi nusu ya pesa iende kwa Jumanne za mwaka mzima, tuandikiane.

Juu tukiangalia nyuma ndio imekuwanga hivyo. Louis Armstrong, ambaye dunia nzima inamjua, alikuwa mtoto maskini wa New Orleans, akashikwa kwa kufyatua bunduki barabarani usiku wa kuamkia mwaka wa 1913, akapelekwa nyumba ya watoto watukutu. Hiyo nyumba ilikuwa na bendi ya mabomba, na mwalimu wake akamwacha aguse ala. Nafikiria sana kuhusu huyo mwalimu. Pengine kuna siku aliona afadhali ala ikae kabatini ikiwa salama kuliko apewe mtoto kama huyo, na hakuifungia.

Ndio tuko na sheria moja tulibishania miezi mingi: tarumbeta ikiisha mazoezi haiendi kwa sanduku, inaenda nyumbani na mmoja wa vijana, kutoka Jumanne mpaka Ijumaa. Wengi walikataa. Walisema itaibiwa, itauzwa, itaangushwa kwa matatu, na ni kweli hatuwezi kununua nyingine kwa haraka. Jaduong' alisema tu kwamba ala yenye inalala kwa sanduku haimjui mtu. Tukapiga kura, ikapita kwa kura moja, na mzazi anaweka sahihi kwa kitabu changu.

Sasa hivi tuko na tarumbeta tatu na vijana saba wanaozihitaji, tunachangia ya nne na bado hatujafika nusu. Yule msichana wa Emuhaya yuko kidato cha nne, anafundisha wawili wadogo wake. Ijumaa iliyopita alirudisha tarumbeta kama kawaida, imepanguswa hadi inang'aa, na nilipofungua kesi nikakuta ndani noti ya mia moja imekunjwa, na karatasi ameandika ni ya mafuta ya valvu. Nimeiandika kwa kitabu, na tarehe.